Colin Chapman na Fremu Nyepesi za Magari ya Mashindano

Ukisimama asubuhi kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja, jijini Dar es Salaam, utaona vyombo vya namna nyingi vikielekea soko la Kariakoo. Utaona malori yaliyojaa vitunguu na viazi, mikokoteni inayosukumwa na watu wawili au watatu, na baiskeli zilizofungwa mizigo mikubwa kuliko waendeshaji wake. Tazama baiskeli hizo kwa makini. Baiskeli tupu unaweza kuiinua kwa mikono yako miwili. Lakini hiyo hiyo humbeba mtu mzima pamoja na gunia la mkaa, ikapita juu ya mashimo na mawe, wala isivunjike. Je, umewahi kujiuliza nguvu hiyo inatoka wapi?

Gonga bomba la baiskeli kwa ufunguo. Utasikia mlio wa kitu kilicho wazi ndani. Kisha tazama jinsi mabomba yalivyounganishwa. Chini ya kiti na kuelekea gurudumu la nyuma, mabomba yamefanya umbo la pembetatu. Aliyeibuni baiskeli hakutia chuma kingi. Alitia chuma kidogo mahali kinapohitajika.

Katika somo hili utasoma habari za mtu aliyeshughulika na jambo hilo tangu ujana wake hadi kufa kwake. Jina lake ni Colin Chapman, mhandisi wa Uingereza aliyeunda magari ya mashindano. Kazi yake ilileta ushindi mkubwa, na pia ilileta misiba. Soma kwa makini, na ufanye majaribio yote yaliyomo.

Fremu ya gari ni nini?

Mwili wako una mifupa inayoubeba na kuupa umbo. Gari nalo lina mifupa yake. Mifupa hiyo huitwa fremu, na mafundi wengine huiita chasisi. Injini, magurudumu, viti na usukani vyote hushikizwa kwenye fremu. Fremu ikipinda, magurudumu hayatakaa sawasawa, na dereva hawezi kuliongoza gari vizuri.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tunayajua mashindano ya magari. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yalipita katika barabara za Kenya, Uganda na nchi yetu. Mwaka 1966 na tena mwaka 1967, mshindi alikuwa Bert Shankland, dereva aliyeishi Dar es Salaam. Aliendesha gari aina ya Peugeot 404. Katika Safari, gari lilihitaji kwanza kuwa imara, kwa sababu njia ilikuwa ya matope, mawe na vumbi.

Magari mashuhuri ya Chapman yalikuwa ya namna nyingine. Hayo yalikimbia katika njia laini ya lami, yakizunguka mara nyingi mahali pamoja. Huko gari jepesi lilikuwa na nafasi nzuri ya kutangulia. Lakini hata huko, gari lililovunjika halikufika mwisho. Basi swali la Chapman lilikuwa hili: gari laweza kupunguzwa uzito kiasi gani bila kupoteza uimara wake?

Utoto na elimu

Colin Chapman alizaliwa tarehe 19 Mei 1928 huko Richmond, karibu na London. Alikulia katika sehemu ya kaskazini ya jiji la London iitwayo Hornsey, ambako baba yake alisimamia hoteli. Mwaka 1945, alipokuwa na umri wa miaka 17, aliingia Chuo Kikuu cha London kusomea uhandisi. Huko alijifunza jinsi madaraja na majengo yanavyobeba mizigo. Alijifunza kukadiria kwa hesabu ni nguvu gani inayopita katika kila nguzo na kila boriti. Elimu hiyo ya madaraja ndiyo aliyoipeleka baadaye katika magari.

Akiwa bado mwanafunzi, Chapman alifanya biashara ndogo na rafiki yake. Walinunua magari yaliyotumika, wakayatengeneza na kuyauza. Lakini Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa imekwisha punde tu, na petroli ilikuwa adimu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilisimamisha mgawo wa petroli kwa watu wenye magari binafsi. Mara bei ya magari ikaanguka, na biashara ya vijana wale ikafa.

Chapman akabaki na gari moja kuukuu aina ya Austin Seven, lililoundwa mwaka 1930. Kijana mwingine angeliacha gari hilo lioze. Chapman aliamua kulivunja na kuliunda upya.

Gari la kwanza

Kazi hiyo aliifanya katika banda lililokuwa nyuma ya nyumba ya wazazi wa rafiki yake, Hazel Williams. Hazel mwenyewe alimsaidia. Chapman aliliondolea gari bodi yake ya zamani. Akaunda bodi mpya kwa mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja na kufunikwa bati la alumini. Njia hiyo ilifanana na ile iliyotumiwa na mafundi wa ndege. Bodi ile haikufunika fremu tu, bali iliisaidia isipinde. Gari lilikamilika mwaka 1948, naye akalipa jina la Lotus. Aliliendesha katika mashindano ya kupanda vilima vya matope, akashinda baadhi ya tuzo.

Baada ya masomo alitumikia jeshi la anga la Uingereza kwa muda mfupi, kisha akaajiriwa na kampuni ya alumini. Jioni aliendelea kuunda magari. Mwaka 1952 alianzisha kampuni yake. Fedha za kuanzia zilikuwa paundi 25 alizokopeshwa na Hazel, na karakana ilikuwa zizi la zamani la farasi nyuma ya hoteli ya baba yake. Mwaka 1954 Colin na Hazel walifunga ndoa.

Kwa nini wepesi?

Fikiri juu ya mkokoteni katika mtaa wa Msimbazi. Ukiwa mtupu, mtu mmoja huuondosha kwa urahisi, huusimamisha upesi, na kuupindisha kwenye kona bila taabu. Ukipakiwa magunia 5 ya mchele, mtu huyo huyo atatokwa na jasho. Itakuwa kazi kuuondosha, kazi kuusimamisha, na kazi kuupindisha.

Gari nalo ni vivyo hivyo. Waunda magari wengi wa siku zile walitafuta mwendo kwa kuongeza ukubwa wa injini. Chapman aliona kwamba injini kubwa husaidia hasa pale njia inaponyooka. Tena injini kubwa ni nzito, huhitaji fremu nzito ya kuibeba, na hunywa petroli nyingi ambayo nayo ina uzito. Lakini wepesi husaidia kila mahali: gari likiondoka, likipanda kilima, likifunga breki na likikata kona. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta nguvu zaidi, yeye alitafuta kitu cha kupunguza.

Fremu ya pembetatu

Magari mengi ya zamani yalikuwa na fremu iliyofanana na ngazi iliyolazwa chini. Boriti mbili ndefu za chuma zilipita kutoka mbele hadi nyuma, na vyuma vifupi viliziunganisha. Fremu ya namna hiyo ni nzito. Juu ya hayo, husokoteka kwa urahisi, kama nguo inavyosokotwa wakati wa kukamuliwa.

Mnamo mwaka 1952 Chapman alikamilisha gari lake la aina ya sita. Fremu yake iliundwa kwa mabomba membamba ya chuma cha pua yaliyochomelewa pamoja katika pembetatu nyingi. Fremu hiyo tupu ilikuwa na uzito wa kilogramu 25 hivi. Huo ni sawa na nusu ya mfuko mmoja wa saruji. Lakini ilibeba injini, magurudumu na watu, na ilishinda magari mengine yaliyokuwa na injini kubwa zaidi.

Ili uelewe siri ya pembetatu, fanya jaribio lifuatalo.

Jaribio la 1. Tafuta vijiti 4 vyenye urefu wa sentimeta 20 kila kimoja. Vifunge kwa uzi kwenye ncha ili vifanye mraba. Shika upande wa chini, kisha sukuma upande wa juu kwa kidole. Mraba utalala upande. Sasa tafuta kijiti kirefu zaidi, ukifunge kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili. Sukuma tena. Utaona kwamba umbo halilali. Umegawanya mraba kuwa pembetatu 2. Pembetatu haibadiliki umbo mpaka kijiti chake kimoja kivunjike, kikunjike au kifunguke.

Hata mafundi wa mitaa ya Kariakoo na Gerezani wanalijua jambo hili. Fundi anayechomelea geti la chuma huweka chuma cha mshazari ili geti lisilale. Seremala anayeezeka nyumba hufanya vivyo hivyo katika kenchi za paa.

Chapman alitumia mabomba badala ya nondo kwa sababu nyingine, nayo utaiona katika jaribio la pili.

Jaribio la 2. Chukua karatasi 1 ya daftari, uisimamishe wima juu ya meza. Weka kitabu juu yake. Karatasi itakunjika. Sasa chukua karatasi nyingine iliyo sawa na ile, uiviringishe iwe bomba lenye upana wa sentimeta 5 hivi, na uifunge kwa uzi. Isimamishe, kisha weka kitabu juu yake taratibu. Bomba litakibeba. Karatasi ni ile ile na uzito ni ule ule. Kilichobadilika ni umbo tu.

Fremu ya ganda

Fremu ya mabomba ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa na upungufu. Dereva alihitaji tundu la kuingilia na kukaa. Hapo hapakuweza kupitishwa bomba la mshazari, kwa maana lingepita mahali pa mwili wake. Kwa hiyo fremu ilikuwa dhaifu katikati, mahali ambapo ilipaswa kuwa na nguvu nyingi.

Chapman alilifikiri jambo hilo kwa muda mrefu. Inasimuliwa kwamba siku moja, alipokuwa akila chakula cha mchana na wenzake, alichora wazo lake juu ya kitambaa cha karatasi cha mezani. Wazo lenyewe lilikuwa kuondoa mabomba kabisa. Badala yake, pande mbili za dereva zingewekwa masanduku marefu ya bati la alumini lililopigwa ribiti. Masanduku hayo yangebeba uzito wote, na ndani yake ingewekwa petroli. Bodi na fremu vingekuwa kitu kimoja.

Wazo hilo halikuwa geni kabisa duniani. Ndege zilikuwa zimekwisha kuundwa hivyo kwa miaka mingi, na baadhi ya magari ya zamani pia. Hata yai la kuku limeundwa hivyo: halina mifupa, bali ganda lake jembamba ndilo linalobeba uzito. Hapa nyumbani, mbunifu wa majengo Beda Amuli alitumia kanuni iliyo karibu na hiyo katika soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975. Aliliezeka soko hilo kwa maganda membamba ya zege yaliyopindwa mfano wa miavuli. Kazi ya Chapman ilikuwa kuleta fremu ya ganda katika magari ya mashindano makubwa na kuifanya ishinde.

Jaribio la 3. Tafuta boksi la viatu. Ondoa kifuniko, shika ncha zake mbili, ulisokote. Litasokoteka kwa urahisi. Sasa lifunike na ulibandike kifuniko kwa gundi au utepe pande zote. Lisokote tena. Utaona kwamba sasa linakataa. Sanduku lililofungwa pande zote ni kakamavu kuliko lililo wazi, ijapokuwa kuta zake ni nyembamba.

Gari jipya liliitwa Lotus 25. Lilishindana kwa mara ya kwanza tarehe 20 Mei 1962, huko Zandvoort, Uholanzi. Kabla ya siku hiyo, Chapman alikuwa amewauzia washindani wake magari ya aina ya Lotus 24, yaliyokuwa na fremu ya mabomba. Wanunuzi walidhani kwamba wamepata gari lililo sawa na la kwake. Unaweza kufikiri jinsi walivyokasirika walipoliona gari lake mwenyewe. Fremu ya Lotus 25 ilikuwa na uzito wa nusu tu ya ile ya Lotus 24, lakini ilikuwa kakamavu mara 3 zaidi.

Dereva wa gari hilo alikuwa Jim Clark, mkulima kutoka Scotland. Mwaka 1963 Clark alishinda mashindano 7 kati ya 10 ya ubingwa wa dunia, akawa bingwa. Mwaka 1965 alikuwa bingwa tena, na mwaka huo huo alishinda mashindano makubwa ya Indianapolis nchini Marekani kwa gari la Chapman. Baada ya hapo waunda magari wengine waliiga fremu ya ganda.

Injini inayogeuka kuwa fremu

Chapman hakutosheka. Aliendelea kutafuta cha kupunguza. Mwaka 1967 alitoa gari la Lotus 49. Ganda la gari hilo liliishia nyuma ya mgongo wa dereva. Hapo ilifungwa injini, na magurudumu ya nyuma yalishikizwa kwenye injini na gia zake. Injini yenyewe ikawa sehemu ya fremu.

Huenda umeona kibanda cha biashara kilichojengwa kwa kuegemea nyumba. Kibanda hicho kina kuta 3 tu, kwani ukuta wa nyumba ndio ukuta wake wa nne. Chapman alifanya jambo la namna hiyo. Kwa kuwa injini ni kipande kigumu cha metali ambacho lazima kiwemo garini, aliipa kazi mbili. Gari hilo lilishinda katika mashindano yake ya kwanza kabisa, likiendeshwa na Jim Clark.

Gharama ya wepesi

Sasa unapaswa kusoma sehemu ya maisha ya Chapman isiyofurahisha. Mwanasayansi wa kweli hafichi makosa, kwa sababu makosa hutufundisha.

Magari ya Chapman yalisifiwa kwa mwendo, lakini yalijulikana pia kwa kuvunjika. Mwaka 1960, katika mazoezi huko Spa nchini Ubelgiji, gurudumu la nyuma la gari la Lotus liling'oka. Dereva wake, Stirling Moss, alivunjika miguu. Katika mazoezi hayo hayo, chuma cha usukani wa gari jingine la Lotus kilikatika, na dereva Mike Taylor akaumia vibaya. Mwaka 1968 Jim Clark alifariki katika ajali huko Hockenheim, Ujerumani. Wengi walifikiri kwamba ajali hiyo ilitokana na gurudumu kuishiwa upepo, wala si fremu. Hata hivyo, Chapman alimpoteza rafiki aliyempenda sana.

Mwaka 1969, nchini Hispania, mabawa ya magari mawili ya Lotus yalivunjika katika mashindano mamoja. Mmoja wa madereva hao, Jochen Rindt, aliumia. Baadaye Rindt alimwandikia Chapman barua, akamweleza kwamba magari yake ni mepesi mno na kwamba sehemu dhaifu ziimarishwe. Tarehe 5 Septemba 1970, katika mazoezi huko Monza, Italia, gari la Rindt liliacha njia ghafla na kugonga uzio wa chuma. Rindt akafariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba kipande cha mfumo wa breki za mbele kilikatika, na kwamba uzio wenyewe haukuwa umefungwa vizuri. Mwaka huo Rindt alitangazwa kuwa bingwa wa dunia akiwa amekwisha kufa.

Kwa nini kipande cha metali kilichobeba mzigo jana chaweza kukatika leo? Jaribio lifuatalo litakuonyesha sababu moja.

Jaribio la 4. Chukua kipande cha waya mwembamba chenye urefu wa sentimeta 15. Ukivute kwa mikono. Hakikatiki. Sasa ukikunje mahali pamoja, ukikunjue, ukikunje tena. Hesabu mara ngapi. Baada ya muda waya utakatika. Angalia ncha zake zisikuchome.

Hali hiyo huitwa uchovu wa metali. Metali inayopindwa au kutikiswa mara nyingi hupata ufa mdogo usioonekana kwa macho. Ufa hukua kidogo kidogo, na siku moja kitu kizima hukatika. Kwa sababu hiyo, mhandisi mwangalifu hatengenezi kitu chenye nguvu inayotosha tu. Huongeza akiba ya nguvu. Kamba ya kisima inayobeba ndoo ya kilogramu 20 yafaa iweze kubeba uzito mara kadhaa zaidi ya huo, kwa maana kamba huchakaa, na mtu anayeteka maji huweza kuivuta kwa ghafla.

Kupunguza uzito mahali pasipo na kazi ni busara. Kupunguza akiba ya nguvu ni kuuweka rehani uhai wa mtu mwingine. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ni nyembamba, na mara nyingine Chapman alikuwa karibu mno na mpaka wake.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1966 kampuni ya Chapman ilikuwa imehamia Hethel, mashariki ya Uingereza, kwenye uwanja wa zamani wa ndege za kijeshi. Kutoka huko magari yake yaliendelea kushinda. Hadi mwaka 1978, magari ya Lotus yalikuwa yamepata ubingwa wa dunia wa waunda magari mara 7.

Mwaka 1981 kulitokea badiliko kubwa jingine. Badala ya alumini, wahandisi walianza kutumia nyuzi nyembamba za kaboni zilizopangwa kama kitambaa na kugandishwa kwa gundi ngumu. Kitu hicho ni chepesi kuliko alumini, na ni kakamavu zaidi. Chapman aliunda gari la namna hiyo, lakini wasimamizi wa mashindano walilikataa, kwa kuwa lilikuwa na fremu mbili, moja ndani ya nyingine. Gari la kwanza la ganda la kaboni kushindana katika mashindano hayo liliundwa mwaka huo huo na mhandisi John Barnard kwa ajili ya kampuni ya McLaren.

Watu wengi waliogopa kwamba kaboni itapasuka vipande vipande katika ajali. Mwezi wa Septemba 1981, huko Monza, gari hilo lilipata ajali kubwa sana, hata injini ikang'oka. Dereva wake, John Watson, alitoka ndani ya ganda akiwa mzima. Ndipo watu walipoona kwamba wepesi na usalama vyaweza kukaa pamoja. Baadaye sheria ziliwekwa kwamba kila ganda lipimwe kwa kugongeshwa kabla ya kuruhusiwa kushindana.

Chapman hakuishi kuyaona mengi ya hayo. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 16 Desemba 1982, akiwa na umri wa miaka 54. Aliacha mjane, Hazel, na watoto watatu.

Unajifunza nini?

Rudi sasa Mnazi Mmoja, usimame tena kando ya njia. Tazama baiskeli, mkokoteni, kenchi za paa na nguzo za taa. Kwa kila kimoja jiulize: uzito unapita wapi? Ni kipande gani kinachobeba, na ni kipande gani kinachobebwa bure? Kikivunjika, ni nani atakayeumia?

Chapman alikuwa hodari sana katika swali la kwanza na la pili. Swali la tatu lilimshinda mara kadhaa, na wengine wakalipa. Wewe ukiwa fundi, mhandisi au mjenzi siku moja, yajibu maswali yote matatu kabla hujakata chuma.

Maswali

1. Fremu ya gari ina kazi gani?
2. Kwa nini Chapman aliona wepesi ni bora kuliko kuongeza ukubwa wa injini?
3. Eleza kwa nini pembetatu ni imara kuliko mraba. Chora picha.
4. Fremu ya mabomba ilikuwa na upungufu gani, na fremu ya ganda iliuondoaje?
5. Kanuni gani inafananisha ganda la yai, paa la soko la Kariakoo la mwaka 1975 na gari la Lotus 25?
6. Uchovu wa metali ni nini? Taja vitu 2 vya nyumbani vinavyoweza kuupata.
7. Akiba ya nguvu ni nini? Toa mfano ambao haumo katika somo hili.
8. Kazi ya kikundi: Kwa mabua au vijiti na uzi, jengeni daraja lenye urefu wa sentimeta 40. Lipimeni uzito, kisha pakieni mawe madogo juu yake, moja moja, mpaka livunjike. Kikundi ambacho daraja lake limebeba mzigo mkubwa kuliko mengine, likilinganishwa na uzito wake lenyewe, kieleze darasani jinsi kilivyolijenga. Kisha kionyeshe ni kipande gani kilichovunjika kwanza, na kwa nini.